Mama ameniona nikifa kwenye simu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka chumba cha kupanga katika mji mdogo wa Ujerumani, saa tano usiku, shingo nimeifunga kitambaa kama mgonjwa wa mafindofindo. Siumwi. Kesho naimba, na usiku wa kuamkia kazi huwa siongei na mtu, hata kwa simu. Kwa hiyo naandika.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Kirumba, Mwanza. Mama ameuza dagaa soko la Mwaloni tangu sijaanza shule mpaka miguu ilipomkatalia. Kuimba nilijifunzia kwaya ya parokia. Mwalimu aliandika noti za d, r, m, f ubaoni kwa chaki, sisi watoto tukafuata kidole chake, na yeye ndiye aliyemwambia mama kwamba sauti hii isiishie kuita wateja sokoni. Nikapata ufadhili wa kusoma Cape Town, kutoka huko nikaja Ulaya, na huu ni mwaka wa tisa naimba opera. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yote au karibu yote yanaimbwa. Okestra, yaani kundi la wapiga vyombo, inakaa chini, mbele ya jukwaa, na sisi waimbaji hatushiki kipaza sauti.

Maisha yenyewe ni ya begi. Wiki sita mji huu kwa mazoezi, maonyesho sita au manane, halafu mji mwingine na funguo za chumba kingine. Nimeshaamka usiku nikatafuta mlango wa choo upande uliokuwa kwenye mji uliopita. Nalipwa kwa usiku niliopanda jukwaani. Nikiamka na homa siku ya onyesho anaitwa mwingine, na hela inakwenda naye, hata kama mazoezi yote nilifanya mimi. Wakala anayenitafutia kazi anachukua fungu lake, kodi inakatwa, chumba juu yangu. Nyumbani hawayajui haya. Wanaona picha ninazoweka: gauni la hariri, maua mkononi. Nikimtaja kondakta, yule anayeongoza okestra, kaka anauliza wa daladala ya wapi.

Desemba nilirudi. Siku ya tatu, mtoto wa mama mdogo akaja na simu yake, akakaa katikati ya kina mama wa jumuiya waliokuwa sebuleni. Alikuwa amepata mtandaoni kipande cha La bohème, opera ya Puccini, nilichoimba mwaka juzi. Mimi ndiye Mimi (jina lake ndilo hilo, usicheke), binti wa Paris anayeshona maua kwenye vitambaa, na mwisho wa mchezo anakufa kwa kifua kikuu. Kipande kilikuwa cha mwisho huo. Nimelala, mikono imeniganda kwa baridi, nakohoa, nanyamaza. Mwenzangu anaita jina langu mara mbili, na video inakatika.

Kina mama walipiga vigelegele kwa ajili ya gauni. Mama aliingia chumbani.

Baba yangu alikufa kwa kifua kikuu, Shangazi. Nilikuwa darasa la tano. Dawa zilikuwa za bure, lakini alizianza akiwa amechelewa, na mama aliuza baiskeli ya baba ili apate nauli na maziwa. Usiku ule alikuja kitandani kwangu, hakuwasha taa. Akasema, "Mwanangu, wewe unalipwa kwa kukohoa?" Nikamweleza kwamba ni maigizo. Akauliza, "Umekufa mara ngapi?" Nikamjibu kweli: mara 41. Akainuka, akaenda zake.

Wiki iliyofuata ilikuwa kipaimara cha mtoto wa kaka. Wakaniomba niimbe, nikaimba kama nilivyozoea. Watoto wakaziba masikio. Bibi mmoja akasema sauti yangu ni king'ora cha meli, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike nikilia.

Halafu kikao. Kaka, anayekaa Buswelu na mkewe, akasema mama ana sukari, miguu haimpeleki tena, na mimi ndiye "nisiye na mume wala mtoto", basi nirudi nimtunze, nifungue duka la vitenge Makoroboi. Wajomba wakaitikia. Mama hakusema neno. Siku ya kuondoka hakunisindikiza uwanja wa ndege, na tangu hapo nikipiga simu ananijibu, "Tupo," kisha anampa simu binti wa kaka anayekaa naye.

Sasa kuna ukumbi hapa Ujerumani umenipa nafasi ya kukaa sehemu moja: mshahara wa mwezi, misimu miwili kwa kuanzia, nikiumwa nalipwa, na kiangazi ukumbi unafungwa kama wiki sita. Wasipotaka kuendelea na mimi wanapaswa kuniambia kabla ya kupita tarehe 31 Oktoba ya msimu wa mwisho. Wanangoja jibu. Niache yote nirudi? Na mama nimwambie nini?

Mwana wa Mwaloni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa napeta mchele, na nilipofika pale pa 41 niliweka ungo chini.

Hapo ndipo ulipoteleza. Mwanamke amemuuguza mume kifua kikuu, ameuza baiskeli, amezika. Miaka inapita, anaoneshwa kwenye kioo cha simu binti yake amelala chali, anakohoa kikohozi kilekile, na majirani wanashangilia gauni. Anakuja gizani kukuuliza umekufa mara ngapi, nawe unamjibu kama karani wa stoo. Najua ulisema kweli, na najua kwako kila kifo kimoja ni kodi ya chumba. Yeye hakuja kuchukua hesabu. Alikuja kusema, nimekuona ukienda alikokwenda baba yako, na hakuna aliyenishika mkono.

Halafu tazama alichooneshwa. Umesema video ilikatika jina la Mimi likiitwa. Mimi sijawahi kuingia kwenye ukumbi wa opera, lakini maigizo ya shule na ya parokia nimeyaona ya kutosha kujua kinachofuata: pazia linafungwa, linafunguliwa tena, na marehemu ananyanyuka, anajipangusa vumbi, anashikana mikono na waliokuwa wakimlilia, anainama, watu wanapiga makofi. Mara 41 umekufa, na mara 41 umesimama ukaenda kutafuta chakula. Mama yako hajaona hata moja ya hizo za pili. Tafuta video yenye mwisho huo. Usiitume kwa yule mtoto wa mama yako mdogo, huyo ataikata tena. Itume kwa binti anayekaa na mama, umwambie amwoneshe wakiwa wawili tu.

Na umsimulie mchezo tangu mwanzo, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma cha nyumbani, kama hadithi ya jioni. Yeye ameona kifo peke yake, kama mtu aliyefika msibani hajui hata marehemu ni nani. Nimemuuliza kijana wangu anayejua mambo ya muziki, akanipa kisa chote. Kumbe pale mwisho rafiki mmoja anatoa hereni zake ziuzwe zipatikane dawa na daktari, na mwingine anavua koti lake kuukuu, analiaga kwa wimbo, analipeleka kuwekwa rehani. Mwanangu, mama yako aliuza baiskeli. Hukuliona hilo miaka yote hii unaimba? Mchezo huo ulioneshwa mara ya kwanza Turin, Italia, mwaka 1896, wakati dawa ya kuponya kifua kikuu ilikuwa haijagunduliwa popote duniani. Ilikuja kupatikana miaka ya 1940. Bila shaka kwenye viti vile walikuwepo watu wenye kikohozi nyumbani. Mwambie mama wimbo wa lile koti unaimbwa na mwanamume mwenye sauti nzito ya chini kabisa, umtafsirie maneno yake. Ataelewa kuliko wengi walionunua tiketi.

Ukishafika hapo, muulize kuhusu baba. Alikuwa anashika wapi kifua, nani alimpeleka kliniki, baiskeli ilinunuliwa na nani. Ila angalizo: usimuulize ili ukayaigize. Na kama unajijua kwamba yatakuingia kwenye kazi tu, maana nasikia nyie wasanii ndivyo mlivyo, basi mwambie mapema, umwombe ruhusa. Akikataa, umekatazwa.

Sasa la kutokusindikizwa, ambalo naona limekuchoma kuliko king'ora. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye meli za hapa ziwani. Meli inaondoka Mwanza jioni, inaamkia Bukoba, siku zinahesabika unamwona mlangoni na mkungu wa ndizi begani na, msimu ukiwepo, senene kwenye kopo. Watoto walikuwa wanaujua mkungu kabla ya kumjua baba. Wanaukimbilia, wanaupokea, yeye wanamsalimia kama mgeni wa jirani. Miaka ya mwanzo nilikuwa namsindikiza gatini kila safari. Tarehe 21 Mei 1996 ikazama MV Bukoba. Yeye hakuwamo, alikuwa nyumbani amelala zamu yake. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena bandarini kumuaga. Nilikuwa nambakiza mlangoni, nageuka nachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mtu asiyejua angesema nimemnunia.

Kwa hiyo mimi sisemi mama yako amekukasirikia. Inawezekana. Lakini mtu aliyekuona umekufa wiki mbili zilizopita kukupeleka mwenyewe kwenye ndege ni kazi kubwa.

Nimalizie la mume wangu, maana nina sababu. Alikuwa anaumia kama wewe, kwamba nyumba inakula jasho lake na haimjui. Siku moja meli imefunga gati kwa matengenezo, akawachukua watoto akawashusha chumba cha mashine. Walirudi weusi kwa grisi, masikio yanawavuma. Wakasema mama, kule chini ni moto, na ukitaka kuongea lazima upayuke. Ndipo walipoelewa kwa nini baba yao akiwa mezani anaomba chumvi kwa sauti ya kuita mtumbwi. Mwaka mzima walikuwa wanamcheka kwa hilo, nami nikiwemo.

Wewe umewaonesha watu wako mkungu wa ndizi tu. Gauni, maua, zawadi za Krismasi. Chumba cha mashine umekifungia. Hawajakusikia ukifanya mazoezi ya pumzi asubuhi, hawajui kwamba huongei siku nzima ili usiku utoe sauti, hawajui kwamba homa ya siku moja inakula wiki sita. Uliingia nyumbani Desemba kama unaingia jukwaani, na waliobaki wakawa watazamaji, na watazamaji hucheka wanapotaka. Ukirudi tena, amka ufanyie mazoezi uani, mbele ya kuku na majirani, siku ya kwanza wacheke, ya nne wataanza kukuuliza mbona leo umechelewa.

Yule bibi wa king'ora nina hamu ya kumnunulia soda. Amesema kweli tupu. King'ora kimetengenezwa kisikike mbali bila mtu kukibeba, na sauti yako nayo. Kijana wangu amenieleza kwamba waimbaji wa opera wanajifunza kuitia sauti makali fulani, kama mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu nyingi, ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya vyombo vyote vile bila kipaza sauti. Sauti ya ukumbi wa watu elfu na zaidi umeifungulia kwenye sebule ya Kirumba yenye dari ya chini, katikati ya sahani za pilau. Hata meli ikipiga honi sebuleni watoto wataziba masikio. Ungeimba uwanjani. Manju, yule kiongozi wa ngoma wa Kisukuma, alikuwa anaimba wapi? Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wanashindana uwanja wa wazi, umati umesimama, na sauti ya kiongozi isipofika nyuma watu wanahamia kwa mpinzani. Nenda Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo uone. Na manju naye alikuwa msafiri. Mavuno yakiisha anaondoka na wachezaji wake, kijiji hadi kijiji, mke anabaki na ng'ombe. Wajomba zako walioitikia kwenye kikao wanamjua mtu wa aina hiyo tangu utotoni, ila kwa jina lingine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, naye alipanda meli mpaka Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo za Kiswahili. Mambo ya mwanamke kusafiri na koo lake hayakuanza na wewe.

Hela. Hapa usizungumze na kaka kwanza, zungumza na mama, na umwambie kwa lugha ya Mwaloni. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, mitumbwi inakaa ufukweni, na mwenye mtumbwi na mwanika dagaa wote wanakula akiba. Mwambie: mama, mimi nalipwa kama mvuvi wa dagaa, usiku kwa usiku, na nina mbalamwezi ndefu kuliko za Ziwa Victoria. Mwambie na wakala ni nani. Madalali anawajua vizuri sana. Mama aliyelea watoto kwa biashara hiyo atakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Kisha mwombe yeye ndiye amweleze kaka. Usije na makaratasi ya benki kwenye kikao, utaonekana umekuja kujitetea.

Hapo utaona mwenyewe kwa nini nasema chukua ile kazi ya mshahara. Nimeipima kwa macho ya mama mwenye sukari. Vidonge havingoji upate mwaliko, na sukari haijui mbalamwezi. Kiasi kidogo kinachofika kila tarehe ileile, cha dawa, cha kliniki na cha kumlipa mtu wa kumsaidia kuoga na kupika, kinamfaa kuliko bahasha nene ya Krismasi. Yule binti wa kaka naye ana maisha yake, usimsahau kwenye hesabu. Na zile wiki sita za kiangazi chao uzimalizie Kirumba. Julai nyumba haina wageni, hakuna kipaimara, hakuna wa kumwimbia. Utakaa na mama uani, utampeleka kliniki wewe mwenyewe, utachoka naye. Utakosa kitu, siku hizi ukiimba sehemu moja labda ile miji mikubwa itakusahau kidogo. Wewe ndiye unayejua uzito wa hilo, mimi sijui. Lakini umesema unaamka usiku unatafuta choo cha mji uliopita, na mtu anayeandika hivyo nadhani jibu anakaribia kulijua.

Kuacha kabisa ukauze vitenge, hapana. Muulize kaka kodi ya fremu Makoroboi ni kiasi gani kwa mwezi, na nani ataketi dukani wakati wewe uko kliniki na mama, maana hawezi kukutaka sehemu mbili kwa wakati mmoja. Na hilo la "huna mume wala mtoto" usilibishie kikaoni, litageuka kikao cha kukutafutia mume. Mwambie faraghani, kwa heshima, kwamba mama alizaa watoto wawili, na Buswelu si Ujerumani, daladala zipo. Yeye achukue siku zake katika wiki, wewe uchukue mwezi wako na bili zako. Wakishindwa kukubaliana, mwombe mjomba mmoja, yule asiyeongea sana, awe shahidi.

Mpigie mama Jumapili, baada ya misa, kabla hajajilaza. Atasema, "Tupo." Usikubali simu ipelekwe kwa binti. Mwambie, mama, subiri, nataka kukusimulia habari za koti.